Mizimu ya Njia ya Reli: Uchunguzi wa Masimulizi ya Kutisha ya Reli ya Uganda

Utangulizi

Fasihi simulizi ya Afrika ya Mashariki inapotajwa, aghalabu fikira za wanafunzi, na za walimu wao pia, huelekea kijijini: kwenye moto wa jioni, kwa bibi mtambaji na wajukuu wake, kwenye ngano za Sungura na Fisi. Ni nadra mtu kufikiri kwamba stesheni, kambi ya makuli au behewa la daraja la tatu ni mahali ambapo simulizi huzaliwa, hukua na kusafiri. Hata hivyo njia ya reli ina masharti yote ambayo simulizi huyahitaji. Ina watu wa lugha mbalimbali waliokusanywa mahali pamoja. Ina usiku mrefu wa kungoja. Ina kazi ya hatari. Na ina vifo.

Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896. Ilifika mahali palipokuja kuwa jiji la Nairobi mwezi Mei 1899, na ufukoni mwa Ziwa Victoria, Kisumu, mwezi Desemba 1901. Katika miaka hiyo ilizaa masimulizi ya kutisha ambayo yangali yakisimuliwa. Makala haya yana shabaha ya kuyaeleza masimulizi hayo kwa hatua tatu: kwanza, kuyapima maneno ambayo Kiswahili na lugha jirani huyatumia kwa viumbe wasioonekana, pili, kuichunguza simulizi iliyo mashuhuri kupita zote, ya simba wa Tsavo, na tatu, kutazama sababu za kimaumbile zinazomfanya mtu mwenye akili timamu asikie na kuona mambo ya ajabu kando ya reli. Hoja itakayotetewa ni kwamba swali la kama mambo haya yalitokea kweli halitoshi peke yake. Hapana budi kuuliza pia ni nani aliyesimulia, kwa lugha gani, na ni wafu gani waliokuwa wakikumbukwa.

Maneno na viumbe

Msomaji wa Kiingereza akikutana na mfu anayeonekana usiku huwa na neno moja la jumla la kumwitia. Kiswahili hakina neno hilo moja. Kina jamaa nzima ya maneno, na kila neno lina mipaka yake. Mzimu ni roho ya mtu aliyekufa, hasa ya mhenga, na mara nyingi lina uhusiano na mahali: pango, mbuyu, kaburi. Koma ni neno la maana ya karibu na hiyo, nalo lina uzito mkubwa kwa Wamijikenda, ambao huwajengea wafu wao vigango au kuwatambikia. Pepo na jini hawakuwa binadamu kamwe. Ni viumbe wa namna yao wenyewe, na pepo anaweza kumpanda mtu akadai ngoma na ubani. Zimwi ni jitu la ngano, lenye kula watu. Mzuka, kama kitenzi chake cha kuzuka kinavyoonyesha, ni kile kinachotokea kwa ghafula na kutoweka, pasipo mtu kujua asili yake.

Mzimu na zimwi ni watoto wa shina moja la Kibantu. Shina hilo limeenea mbali: katika Kikamba, aimu ni roho za wahenga; katika Kikikuyu, irimu ni jitu la ngano. Wakikuyu nao huziita roho za wahenga ngoma, jambo ambalo laweza kumpoteza mfasiri mzembe wa Kiswahili, akadhani panazungumzwa habari za kucheza. Kwa hiyo mtafiti anayeandika tu kwamba "watu waliamini mizimu" bado hajaeleza kitu. Ni lazima aseme ni mizimu ya nani, nayo ina madai gani juu ya walio hai.

Reli yenyewe iliingia katika lugha kwa njia mbili. Maneno mengine yalikuja pamoja na chombo: reli, stesheni, tiketi, treni. Mengine yalitolewa ndani ya hazina ya zamani na kupewa kazi mpya. Garimoshi limeungwa kwa gari na moshi. Taruma, ambalo kwa mabaharia ni ubao unaoimarisha chombo, likawa pia jina la mbao zinazolazwa chini ya vyuma vya reli. Lugha ilifanya kazi ile ile ambayo simulizi zilikuwa zikiifanya: kukipokea kitu kigeni kwa kukipa umbo linalojulikana.

Nyoka wa chuma

Umbo lililojulikana zaidi lilikuwa la nyoka. Miongoni mwa Wakikuyu, utabiri wa Mugo wa Kibiru ulihifadhiwa kwa mdomo, na Jomo Kenyatta aliuandika katika kitabu chake cha mwaka 1938, Facing Mount Kenya: angekuja nyoka wa chuma mwenye miguu mingi, atemaye moto, atakayetanda kutoka maji makubwa ya mashariki hadi maji makubwa ya magharibi. Miongoni mwa Wakamba, utabiri wa namna hiyo unahusishwa na Syokimau, mwanamke ambaye jina lake leo limo katika stesheni iliyofunguliwa mwaka 2012 karibu na Nairobi. Wanandi nao hukumbuka maneno ya Orkoiyot Kimnyolei, aliyeuawa na watu wake mwenyewe yapata mwaka 1890. Mwanawe, Koitalel arap Samoei, aliongoza mapambano dhidi ya Waingereza na reli yao hadi alipopigwa risasi tarehe 19 Oktoba 1905 katika mkutano ulioitwa kuwa wa amani.

Mwanahistoria atasema, na ana haki kusema, kwamba tabiri hizi ziliandikwa baada ya reli kufika, na kwamba jambo lililokwisha kutukia ni jepesi kutabiriwa. Lakini kwa mwanafasihi umuhimu wa tabiri hizo haupungui kwa sababu hiyo. Jamii iliyovamiwa ilitaka kusema kwamba haikushtukizwa; kwamba wazee wake walijua. Nyoka wa chuma anakuwa kiumbe anayeingia katika historia ya wenyeji kwa idhini ya lugha yao, ijapokuwa hakupata idhini ya kupita katika mashamba yao.

Simba wa Tsavo

Mwezi Machi 1898 mhandisi John Henry Patterson alifika ili kusimamia ujenzi wa daraja la mto Tsavo. Tangu mwezi huo hadi Desemba, simba wawili madume wasio na manyoya ya shingo waliwanyakua wafanyakazi mahemani usiku. Kazi ilisimama kwa muda wa wiki tatu hivi, na mamia ya makuli walikimbilia pwani. Simba wa kwanza aliuawa tarehe 9 Desemba, wa pili tarehe 29 Desemba. Patterson aliandika habari hizo katika kitabu kilichotolewa mwaka 1907. Na ngozi aliziuza mwaka 1924 kwa jumba la makumbusho la Field mjini Chicago, ambako simba hao wamewekwa hadi leo.

Katika kitabu hicho ndimo inamopatikana simulizi inayohusu makala haya. Patterson anaeleza kwamba wafanyakazi walishikilia kuwa wale hawakuwa simba wa kweli. Walikuwa roho za wakubwa wawili wa nchi hiyo, waliokwisha kufa, ambao walivaa umbo la simba ili wapinge reli kupitishwa katika ardhi yao. Na kwa hiyo risasi isingefaa kitu. Tena anaeleza jinsi kambi moja ilivyoionya nyingine usiku: makuli walipaza sauti kwa Kihindustani kwamba shetani anakuja.

Simulizi hii imerudiwa mara nyingi sana, na filamu ya mwaka 1996, The Ghost and the Darkness, iliieneza duniani. Kwa kawaida hurudiwa kana kwamba ni imani ya "wenyeji". Hapo ndipo yafaa kusimama na kuchungua.

Kwanza, ni sauti ya nani? Wale ambao Patterson aliishi nao na kuzungumza nao kila siku walikuwa hasa wafanyakazi wa Kihindi, watu wa Punjabu na kwingineko, Waislamu, Masingasinga na Mabaniani. Wao walikuwa wageni Tsavo kama yeye. Imani aliyoiandika imepita kwa Kihindustani kabla ya kufika katika Kiingereza. Na kama ilikuwa na chanzo cha Kikamba au cha Kitaita, basi ilivuka lugha nyingine kabla ya hapo, na yamkini ilivuka kwa Kiswahili, lugha ya misafara.

Pili, neno shetani lenyewe. Ni neno la Kiarabu, nalo limo katika Kihindustani na katika Kiswahili vilevile. Kuli na mpagazi wa pwani waliweza kulisikia neno hilo moja usiku mmoja na kila mmoja akadhani ameelewa. Lakini kwa mtu wa pwani shetani si yule adui wa dini peke yake. Ni pia kiumbe anayeweza kupungwa, kusemezwa, na kupewa anachokitaka. Katika maana ya kwanza, mtu hukimbia; katika maana ya pili, mtu huuliza, "Unadai nini?" Ndiyo sababu simulizi ya Tsavo ina jibu la swali hilo: wafu wanaidai ardhi yao.

Tatu, neno la Patterson kwa wafu hao lina maana ya machifu au watawala. Wakamba na Wataita wa karne ya 19 hawakutawaliwa na machifu. Waliendesha mambo yao kwa mabaraza ya wazee. Machifu waliletwa na serikali ya kikoloni. Tena aimu wa Wakamba aghalabu walishughulika na jamaa zao wenyewe: mvua, ugonjwa, uzazi, tambiko lililosahauliwa. Roho ya mtawala aliyegeuka simba ili apigane na serikali inafanana zaidi na fikira za watu waliotoka katika nchi yenye marajah kuliko fikira za watu wa nchi ya mabaraza.

Je, tuseme basi kwamba simulizi hii ni ya uongo na haina thamani? Hasha. Inaonyesha jambo lisilopatikana kwa urahisi katika taarifa za kiserikali: kwamba makuli, waliokuwa wakiijenga reli kwa mikono yao, walijua kuwa wanapita katika nchi ya watu bila ruhusa, na walitarajia kutozwa gharama yake. Hatia ya kazi hiyo ilikuwa ya waliowaajiri, lakini meno ya simba yalikuwa yao.

Kima: hatari ya jina

Usiku wa tarehe 6 Juni 1900, Charles Ryall, mkuu wa polisi wa reli, alikuwa na wenzake wawili katika behewa lililosimama kwenye stesheni ya Kima, wakimvizia simba aliyekuwa akiua watu. Ryall alishika zamu akasinzia. Simba aliingia behewani kwa mlango, akamwua, akatoka naye kupitia dirishani. Behewa hilo limehifadhiwa katika makumbusho ya reli mjini Nairobi.

Wasafiri wengi wameelezwa kwamba mahali hapo paliitwa Kima kwa sababu ya kisa hiki, kwa kuwa kima katika Kiswahili ni nyama iliyosagwa. Maelezo hayo ni matamu kwa msimuliaji, lakini hayana msingi madhubuti. Katika taarifa zinazojulikana, Ryall anafika mahali ambapo stesheni ilikwisha kuwa na jina hilo. Tena neno kima lina maana nyingine, ya nyani mdogo, na eneo hilo ni la Wakamba, wenye majina yao ya mahali. Huu ni mfano mzuri wa etimolojia ya kienyeji: hofu hutafuta neno la kulalia, na ikilipata hulidai kuwa lilizaliwa kwa ajili yake. Mwalimu wa isimu anaweza kuutumia darasani, kwani unaonyesha namna simulizi inavyoweza kuandika upya historia ya neno.

Sauti na mianga ya usiku

Si masimulizi yote ya reli yaliyo na simba ndani yake. Mengi zaidi ni mafupi: mtu alisikia treni isiyokuwapo; aliona kandili ikienda peke yake juu ya mataruma; alihisi ameketiwa kifuani katika chumba cha kupumzikia cha stesheni. Masimulizi ya namna hii yanapatikana popote palipo na reli, na hayamtaki msimuliaji awe mwongo.

Chuma hutanuka kwa joto na kusinyaa kwa baridi. Kipande cha reli cha urefu wa mita 12, kikipoa kwa digrii 20 za sentigredi, hupungua kwa takriban milimita 3. Katika nyika, ambako mchana huwaka na usiku hupoa, vyuma hulia na kugonga katika maungio yake bila gurudumu lolote kupita. Tena usiku hewa iliyo karibu na ardhi hupoa kuliko ya juu, na sauti ambayo mchana ingepotelea angani hupindwa ikarudi chini. Garimoshi lililo mbali sana linaweza kusikika kana kwamba limo katika kona iliyo mbele, kisha lisitokee. Macho ya wanyama wa usiku hurudisha mwanga wa taa, na yakiwa mawili yakisogea kimo kimoja juu ya ardhi, hufanana na kandili. Ama yule anayeketiwa kifuani, Kiswahili kilikwisha kumpatia jina kabla ya sayansi: jinamizi, yaani hali ya akili kuzinduka huku mwili ungali umefungwa na usingizi. Wafanyakazi wa zamu za usiku, wenye usingizi uliokatikakatika, huipata zaidi.

Nchi nyingine zina mifano iliyochunguzwa. Huko Paulding, katika jimbo la Michigan nchini Marekani, ilisemwa kwamba mwanga unaoonekana usiku ni taa ya mfanyakazi wa breki aliyeuawa na treni. Mwaka 2010 wanafunzi wa chuo kikuu waliutazama kwa darubini wakaona taa za motokaa zikipita barabarani kwa mbali. Huko Maco, North Carolina, mwanga uliosemekana kuwa wa mfanyakazi wa treni akitafuta kichwa chake kilichokatwa ulikoma kuonekana baada ya reli kung'olewa mwaka 1977. Na nchini Uingereza, Charles Dickens, aliyenusurika katika ajali ya treni ya Staplehurst tarehe 9 Juni 1865, alitoa mwaka uliofuata hadithi ya mtumishi wa reli anayetokewa na kivuli kabla ya kila ajali. Hapo mzuka ulitokana na mshtuko wa mtu aliyewaona wafu kwa macho yake.

Maelezo hayo ya kimaumbile ni ya lazima, lakini yana mpaka. Yanaeleza kwa nini mwanga ulionekana. Hayaelezi kwa nini watu wa Paulding, badala ya kusema kuwa ni malaika au nyota, walisema kuwa ni mfanyakazi wa breki. Mwanga hutolewa na maumbile, na jina la mfu hutolewa na jamii.

Wafu wasiohesabiwa

Hapa ndipo penye kiini cha jambo. Wafanyakazi takriban 32,000 waliletwa kutoka India ili kujenga Reli ya Uganda, na karibu 2,500 kati yao walikufa, wengi wao kwa maradhi. Hesabu hizo zipo kwa sababu walikuwa na mikataba. Patterson alipotoa hesabu ya walioliwa na simba wa Tsavo katika kitabu cha 1907, aliwataja Wahindi 28. Ama Waafrika, alisema tu kwamba walikuwa wengi, na kwamba hapakuwekwa kumbukumbu rasmi juu yao. Baadaye alitoa jumla ya watu 135. Uchunguzi wa kikemia wa mifupa na manyoya ya simba hao, uliochapishwa mwaka 2009, ulikadiria kwamba waliliwa watu 35 hivi. Tofauti kati ya hesabu hizi ni kubwa mno, na pengo lake limejaa watu wasio na majina.

Yafaa kukumbuka pia namna walivyozikwa. Jemadari Ungan Singh, Singasinga, alinyakuliwa hemani. Patterson na wenzake walikusanya mabaki yake wakayafunika kwa mawe. Desturi ya Masingasinga ni kuchoma maiti. Mwislamu hutaka kuoshwa, kuvishwa sanda na kusaliwa. Mkamba au Mtaita alikuwa na ada zake. Kando ya reli wengi hawakupata lolote katika hayo. Katika imani za watu wengi, mfu asiyetendewa haki yake ni mfu asiyetulia. Kwa hiyo simulizi ya mizimu ilikuwa daftari la wale ambao daftari la serikali liliwaacha. Mahali ambapo karani hakuandika jina, msimuliaji aliweka kivuli.

Hitimisho

Reli ya zamani imezeeka, na tangu tarehe 31 Mei 2017 abiria wa Mombasa na Nairobi wana reli mpya, iliyoinuliwa juu ya nguzo na matuta, inayopita Tsavo kwa saa chache. Stesheni nyingi ndogo za reli ya kwanza zimekuwa kimya. Waliozitumikia, gadi, madereva, wapanga ishara na wake zao walioishi katika nyumba za reli, wamekuwa wazee. Simulizi zao hazijakusanywa kwa utaratibu kama zilivyokusanywa ngano na methali za vijijini.

Kazi hiyo ikifanywa, yapo mambo matatu ya kuzingatiwa. Simulizi iandikwe katika lugha iliyosimuliwa kwayo, na neno la msimuliaji kwa kiumbe aliyemwona libaki kama alivyolitamka; kama alisema aimu, lisigeuzwe kuwa jini. Pili, iandikwe nasaba ya simulizi: nani aliipata kwa nani, na kwa lugha gani. Tatu, mtafiti awe na adabu. Tarehe 30 Januari 1993 treni ya abiria ilitumbukia mtoni Ngai Ndethya, baada ya daraja kuharibiwa na mafuriko, na watu zaidi ya 100 wakafa. Jamaa zao wangali hai. Mtu asiende mahali kama hapo kuuliza habari za mizuka kana kwamba anatafuta burudani. Aanze kwa kuuliza majina ya waliokufa, ayaandike, kisha anyamaze asikilize kitakachosimuliwa.